Mtungi ni wa Mfalme, Divai ni ya Nani?

Mamlaka, milki, kumiliki, malkia. Maneno haya manne yalitufikia kwa njia ya Kiarabu, na ndani ya kila moja zimo konsonanti tatu zilezile: m, l, k. Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, na huko mfalme huitwa melekh. Ukitanguliza l, ambayo kwao hufanya kazi kama "-a" yetu ya umiliki, unapata LMLK. Maana yake: ya mfalme.

Herufi hizo zilipigwa kwa muhuri kwenye vishikio vya mitungi mikubwa ya ufalme wa Yuda, mwishoni mwa karne ya 8 KK. Vishikio zaidi ya 2,000 vya aina hii vimekwisha kupatikana. Vya kwanza viliibuliwa na Mwingereza Charles Warren, aliyechimba mashimo marefu kuzunguka eneo la Hekalu mjini Yerusalemu kati ya mwaka 1867 na 1870. Tangu hapo wataalamu hawajaacha kubishana, na ubishi wenyewe una sababu nzito. Wafalme wa Yuda hawakutuachia daftari. Makarani wao waliandika kwenye mafunjo, na mafunjo huoza. Jirani zao wa Mesopotamia waliandika kwenye vibao vya udongo, ndiyo maana leo tunajua hata kondoo waliohesabiwa siku fulani katika mji fulani. Kwa Yuda tumebaki na vigae. Anayetaka kujua mfalme alikusanya nini, kutoka kwa nani na kwa njia gani, hana budi kukihoji kishikio cha mtungi.

Nitakieleza kwanza chombo chenyewe, kwa sababu makosa mengi katika habari hii yalianza kwa watu kusoma maandishi wakasahau udongo.

Mtungi huu ni mrefu, una mabega mapana, tumbo linalopungua kuelekea chini, na vishikio vinne. Umefinyangwa imara, na ukuta wake ni mnene kuliko wa vyombo vya kawaida vya nyumbani. Ndani yake huingia wastani wa lita 45. Ni chombo cha kubebea vitu vya majimaji, yaani divai na mafuta ya zeituni, na kuvihifadhi ghalani. Kwenye kishikio kimoja, au zaidi, kuna alama ya duara dufu iliyogandamizwa. Katikati kuna picha: ama mbawakawa mwenye mabawa manne, ama jua lenye mabawa mawili. Juu ya picha, mara nyingi, yapo maneno "ya mfalme". Chini yake pana jina, nalo ni moja kati ya manne tu: Hebroni, Zifu, Soko, au neno lenye konsonanti MMST.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa habari yote. Muhuri ule ulipigwa udongo ukiwa bado mbichi, kabla mtungi haujaingia jokoni. Wakati huo hapakuwa na tone la divai ndani yake, wala mafuta. Pengine zabibu zenyewe zilikuwa bado kwenye mzabibu. Kwa hiyo muhuri hausemi "divai hii ni ya mfalme". Hauwezi kusema hivyo. Unausemea mtungi. Hivyo mfalme alianza kuhesabu mapema kuliko tunavyodhani, tangu kwenye banda la mfinyanzi, kabla mkulima hajaitwa kuleta chochote.

Ili tofauti ionekane vizuri, tazama ufalme jirani wa Israeli, kaskazini. Mwaka 1910, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard waliokuwa Samaria walikuta vigae vilivyoandikwa kwa wino, kumbukumbu za vitu vilivyofika ikulu katika nusu ya kwanza ya karne ya 8 KK. Vinasema: mwaka wa kumi, kutoka mahali fulani, kwa fulani, mtungi wa divai ya zamani, au mtungi wa mafuta mazuri ya zeituni. Hizo ni stakabadhi. Kitu kimefika, karani ameandika. Kusini, Yuda, walichagua njia nyingine: hawakuandika kilichoingia, walitia alama chombo cha kukiingizia. Serikali inayofanya hivyo inajiona kuwa na nguvu ya kuamua mapema mitungi mingapi itajaa.

Swali la pili: mitungi ilitengenezwa wapi? Kwa miaka mingi watu walidhani majina yale manne ni ya miji minne yenye viwanda vya ufinyanzi vya mfalme. Ilionekana wazi kabisa. Kisha mwaka 1984 Hans Mommsen, Isadore Perlman na Joseph Yellin wakatoa matokeo ya kupima kemikali za udongo wenyewe, kwa njia ya kuupiga kwa nyutroni na kusoma elementi zilizomo kwa viwango vidogo mno. Kila eneo lina udongo wenye mchanganyiko wake, kama kila mto ulivyo na mchanga wake. Mitungi yenye jina la Hebroni, yenye Zifu, yenye Soko na yenye MMST ilionekana kutoka kwenye chanzo kimoja cha udongo, katika Shefela, vilima vya chini vilivyo kati ya milima ya Yuda na pwani ya Wafilisti. Chanzo kimoja kwa mitungi ya ufalme mzima! Utafiti wa baadaye uliotazama chembe za udongo kwa darubini ulielekea huko huko.

Kwa hiyo palikuwa na kiwanda kikuu, au kundi la mafundi waliofanya kazi karibu karibu chini ya usimamizi mmoja. Wasomaji wa Biblia huenda wanakumbuka mstari mmoja unaopitwa haraka katika orodha ndefu za koo, 1 Mambo ya Nyakati 4:23, unaowataja wafinyanzi waliokaa na mfalme kwa ajili ya kazi yake. Kwa karne nyingi mstari ule ulikuwa maelezo ya pembeni tu. Leo una udongo wa kuushikia.

Kama majina manne si ya viwanda, ni ya nini? Mwanaakiolojia Yigael Yadin alipendekeza kwamba Yuda iligawanywa katika wilaya nne, kila moja na mji wake wa kukusanyia. Tatizo ni kwamba ramani haikubali kwa urahisi. Zifu na Hebroni ziko karibu sana, zote kwenye milima ya kusini, na vishikio vyenye majina tofauti vimechanganyika katika mji mmoja. Wengine, na hoja yao naiona ina uzito zaidi, wanasema hizo ni sehemu zilizokuwa na mashamba ya mfalme mwenyewe, mizabibu na mizeituni ya ikulu. 1 Mambo ya Nyakati 27 huorodhesha wasimamizi wa mali ya Daudi, mmoja wa mizabibu, mwingine wa akiba ya divai, mwingine wa mizeituni, mwingine wa ghala za mafuta. Hata kama orodha hiyo iliandikwa baadaye sana kuliko wakati wa Daudi, inaonyesha jinsi watu wa Yuda walivyofikiri mali ya mfalme husimamiwa.

MMST yenyewe haijaonekana kwenye ramani yoyote wala kwenye kitabu chochote cha kale. Wapo wanaolisoma kama neno lenye maana ya serikali au utawala, yaani Yerusalemu yenyewe. Wengine wanatafuta mahali pamoja mahsusi, na jina la Ramat Rahel, kilima kilicho kati ya Yerusalemu na Bethlehemu, hutajwa.

Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba, lakini methali haituambii kibaba ni cha nani. Katika uchumi wa kifalme hilo ndilo swali la kwanza. Mwenye kibaba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kiasi, na kwa kodi kiasi ndicho kila kitu. Ndiyo maana wataalamu wa zamani walitumaini kwamba mitungi ya LMLK itawapa kipimo rasmi cha Yuda, ile "bathi" inayotajwa katika Biblia. Walikuwa na sababu ya kutumaini, kwani kipande cha mtungi chenye maneno "bathi ya mfalme" kilikuwa kimepatikana Lakishi, mji wa Yuda katika Shefela. Kisha David Ussishkin, aliyechimba Lakishi kuanzia miaka ya 1970, akaunganisha vipande vya mitungi mizima na kuipima. Mmoja uliingia lita zisizofika 40. Mwingine ulizidi 50. Macho yanaiona sawa, vipimo vinaikana.

Hapo ndipo picha ya mfalme anayedhibiti kila tone inapoanza kupasuka, na mimi napenda mpasuko huo. Mfinyanzi alitengeneza kwa mazoea ya mkono, si kwa rula. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu na wenzao wa Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli (tazama neno letu limerudi) walichapisha vipimo vya mitungi mingi ya nyakati zile, na wakaona kwamba ingawa matumbo yanatofautiana, kipenyo cha ndani cha shingo hukaribia sentimita 9 karibu kila mara. Upana huo ni wa kiganja cha mwanamume. Pengine fundi aliupima kwa mkono wake mwenyewe. Basi kama mfalme alitaka kujua amepata lita ngapi, mtungi peke yake haukutosha. Ilibidi mtu amimine na kupima. Muhuri ulithibitisha umiliki na asili ya chombo, na kazi ya kiasi ikabaki kwa karani wa ghala.

Kuna dalili nyingine inayoelekea huko huko. Alama nyingi zimepigwa ovyo. Nyingine zimefifia, nyingine zimekatika nusu, nyingine zimepigwa mara mbili juu ya zenyewe. Aliyekuwa akipiga hakujali kama msomaji ataona kila herufi. Na mitungi mingi ya aina ileile haikupigwa muhuri kabisa. Nadhani muhuri uliwekwa kwenye sehemu tu ya kila shehena iliyotoka jokoni, kwa hesabu ya mafundi na wasimamizi wao. Mkulima aliyejaza mtungi huenda hakuwa na haja ya kuusoma. Umbo lake tu lilitosha kumwambia ni wa nani.

Mbali na mihuri ya mfalme, kwenye mitungi ileile kuna mihuri yenye majina ya watu. Hii ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu iliwapoteza watu wenye akili nyingi kwa karibu miaka hamsini. Mmarekani William Albright, alipochimba Tell Beit Mirsim katika miaka ya 1920, alipata kishikio chenye maneno "ya Eliakimu, kijana wa Yokan". Kiswahili kinaielewa lugha hii bila tafsiri ndefu: kijana wa fulani ni mtu wake, mtumishi wake, wakala wake. Albright akaona Yokan ni kifupisho cha jina la Mfalme Yekonia, ambaye pia huitwa Yehoyakini, aliyetawala miezi mitatu tu kabla Wababeli hawajamchukua mateka mwaka 597 KK. Eliakimu akawa msimamizi wa mali ya mfalme aliye uhamishoni. Simulizi lilikuwa zuri, na tabaka za udongo za miji kadhaa zikapewa tarehe kwa kulifuata.

Halikuwa kweli. Huko Lakishi, Ussishkin aliikuta mihuri ya majina ya watu kwenye mitungi ileile ya LMLK, ndani ya majivu ya mji ulioteketezwa na Waashuru mwaka 701 KK. Kwa hiyo na Eliakimu aliishi miaka mia moja kabla ya Yekonia, na bwana wake Yokan hakuwa mfalme. Tarehe nyingi zikalazimika kuandikwa upya.

Majivu hayo ya Lakishi ndiyo saa yetu kuu. James Starkey, aliyeanza kuchimba huko mwaka 1932, aliamini mji ule wa tabaka la tatu uliharibiwa na Wababeli. Aliuawa njiani akielekea Yerusalemu Januari 1938, kabla ya kumaliza kazi. Mwenzake Olga Tufnell aliendelea na vigae vile kwa miaka mingi, akafikia uamuzi tofauti: hapana, ni Waashuru, ni mwaka 701. Wengi hawakumkubali. Ussishkin alipochimba tena, akathibitisha kuwa Tufnell alikuwa sahihi. Huko Lakishi peke yake vimepatikana vishikio zaidi ya 400 vya LMLK, kuliko mahali pengine popote, katika mji uleule ambao Mfalme Senakeribu wa Ashuru alichonga picha za kuuteka kwenye kuta za jumba lake la Ninawi. Picha hizo leo ziko katika jumba la makumbusho la Uingereza, London.

Hapo ndipo kambi mbili zinapogawanyika. Kambi ya kwanza husema mitungi ni maandalizi ya vita. Sargoni wa Pili wa Ashuru aliuawa mwaka 705 KK, falme ndogo zikaona nafasi, na Hezekia wa Yuda akaasi. Alijua jeshi litakuja. Akachimba mfereji chini ya mwamba wa Yerusalemu, wa zaidi ya mita 500, kuleta maji ndani ya kuta. Akajenga maghala ya nafaka, divai na mafuta, kama 2 Mambo ya Nyakati 32:28 inavyosimulia. Akajaza miji ya mpakani mitungi yenye muhuri wake. Vishikio vingi vimetoka Yerusalemu na Shefela, upande ambao adui angetokea.

Kambi ya pili, ambayo mwanaakiolojia Oded Lipschits na wenzake wameitetea kwa nguvu, inasema miaka minne haitoshi kueleza mfumo huu. Alama zenye mbawakawa na zenye jua hazikutumika zote kwa wakati mmoja, na matumizi hayakukoma mwaka 701. Yuda ilikuwa imekwisha kuwa chini ya Ashuru tangu siku za Ahazi, baba yake Hezekia, na Ashuru ilidai fedha na dhahabu kila mwaka. Ufalme wenye deni la kudumu unahitaji mashine ya kudumu ya kukusanya. Mwaka 2017 watafiti walipima nguvu ya sumaku ya dunia iliyoganda ndani ya vishikio 67 vyenye mihuri wakati vilipopoa baada ya kuchomwa. Vishikio vile, kwa sababu tarehe zake zinajulikana vizuri, vilionyesha kwamba katika karne ya 8 KK nguvu hiyo ilipanda juu sana, kisha ikashuka haraka. Mfinyanzi wa Hezekia hakujua kwamba anawaandikia wanafizikia.

Nikipima hoja za pande zote, naona kambi ya pili iko karibu zaidi na ukweli, lakini vita navyo visisahaulike. Mashine iliyojengwa kukusanya kodi ndiyo iliyogeuzwa kuwa ya kulisha miji iliyozingirwa. Haikutosha. Senakeribu anajisifu kuwa aliteka miji 46 yenye kuta, akamfungia Hezekia Yerusalemu "kama ndege katika kizimba". Yerusalemu haikuangushwa, ila Hezekia alilipa. Biblia inataja talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu; Senakeribu anasema fedha ilikuwa talanta 800. Kuhusu dhahabu, waandishi wa pande mbili zilizopigana wanakubaliana: 30.

Kilichofuata ndicho kinachotuonyesha uimara wa mfumo wenyewe. Mitungi iliendelea. Mwishoni mwa karne ya 7 KK alama ikawa ua lenye petali, bila neno hata moja. Wababeli walipoliteketeza Hekalu na kuuangusha ufalme mwaka 586 KK, hapakuwa tena na mfalme Yuda, lakini kodi ilibaki: vishikio vikapigwa picha ya simba. Chini ya Waajemi vikapigwa jina la jimbo, Yehud, wakati mwingine pamoja na jina la liwali wake. Desturi hii ilidumu mpaka karne ya 2 KK, karibu miaka 600 kwa jumla. Ramat Rahel, kilima kile cha karibu na Bethlehemu, ndiko kulikopatikana sehemu kubwa ya mihuri ya simba na ya Yehud, na jumba lililochimbuliwa huko linaonekana lilikuwa kituo cha kukusanyia kwa karne nyingi, bila kujali bwana wa juu alikuwa nani. Mwaka 2020, si mbali na hapo, katika mtaa wa Arnona mjini Yerusalemu, yalitangazwa mabaki ya jengo kubwa la utawala pamoja na vishikio zaidi ya 120 vyenye mihuri.

Turudi nyuma kidogo, kwenye mwaka ule wa 586. Katika majengo mawili ya Yerusalemu yaliyoungua siku za Wababeli, wachimbaji walikuta mitungi iliyovunjika chini ya vifusi, baadhi yake ikiwa na muhuri wa ua. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa kile kilichonywewa na kuta zake. Ilikuwa divai. Na katika baadhi ya mitungi, divai hiyo ilikuwa imetiwa vanila. Vanila haioti katika nchi ile. Watafiti wameelekeza macho kwenye misafara ya Arabia, iliyobeba bidhaa za India na pengine za Afrika Mashariki.

Kuhusu mwaka uleule, 2 Wafalme 25:3 inaeleza hali ndani ya kuta kabla hazijabomolewa: njaa ilikuwa imezidi, na watu wa kawaida hawakuwa na chakula.